Jamani, Onjeni Hii: Kikombe cha Kwanza cha Kahawa ya Taita

Funda la kwanza nilinyamaza. La pili nikaweka kikombe mezani, nikakitazama, nikakinyanyua tena. La tatu nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, jua la Voi likianza tu kupiga mabati: "Hii imetoka Taita?" Ndiyo, imetoka Taita! Si Nyeri, si Kirinyaga, si Kiambu. Imechumwa kwenye milima ile ile ninayoiona kila jioni jua likizama nyuma yake, na siku zote nilidhani milima hiyo haina cha kuniletea ila kabeji na ukungu.

Nimekunywa kahawa tangu utotoni, kahawa tungu ya dele, ya tangawizi, finjani moja baada ya nyingine na kipande cha kashata. Miaka ya karibuni nimekuwa nikinunua buni mbichi za bara na kuzikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma. Kwa hiyo nasema haya nikiwa nimeonja nyingi: sijawahi kukutana na kikombe kama hiki. Kinaanza na uchachu wa ukwaju, ule ukwaju uliolowekwa usiku kucha. Halafu zambarau, na ule ukakasi mdogo unaobaki ulimini ukishazila. Mwisho kabisa, baada ya kumeza, unarudi utamu wa sukari guru, polepole, mpaka unajikuta unalamba midomo. Sikutia sukari wala iliki. Maji ya moto na kahawa tu!

Sasa ngojeni niwaeleze inakotoka, maana hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa kwa furaha.

Ukimuuliza Mkenya yeyote kahawa ya nchi hii ilianzia wapi, atakutajia Kiambu au Nyeri. Jibu ni Bura. Bura yetu hii, ya chini ya milima, unayoipita ukitoka Mwatate kuelekea Taveta! Mwaka 1893 mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda hapo miche ya kahawa kutoka kisiwa cha Réunion, kisiwa ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Ndiyo sababu kahawa ya ukoo huo inaitwa Bourbon hadi leo dunia nzima. Kibwezi ilifuata mwaka 1900, Kikuyu 1904. Hebu pimeni tarehe hizo. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, na Nairobi ikapata kuwa kambi ya reli mwaka 1899. Kahawa iliitangulia reli Taita. Iliutangulia mji mkuu!

Miti ya mapadri ilipoenea bara iliitwa "French Mission", na jina hilo likadumu mashambani. Katika miaka ya 1930 watafiti wa maabara ya Scott kule Kabete walikuwa wakichagua mti mmoja mmoja uliofanya vizuri kuliko mingine. SL34 waliyoipata kwenye shamba la Loresho ilitokana na mti ulioandikwa kwamba ni wa French Mission. Vipimo vya siku hizi vya vinasaba vinaiweka karibu zaidi na ukoo wa Typica, kwa hiyo huenda kibao cha mti ule kilikosewa. Dada yake, SL28, ilitoka kwenye kahawa iliyostahimili ukame kule Monduli, Tanganyika. Hizo mbili ndizo zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake duniani.

Na Mtaita aliyekuwa jirani wa miti ya kwanza? Serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kulima kahawa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1930 waliruhusiwa wachache, huko Kisii, Embu na Meru, na mlango ukafunguka vizuri baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kufikia hapo jina la kahawa lilikuwa limeshakwenda kukaa Mlima Kenya na Aberdare. Milima ya Taita ikajulikana kwa mboga zinazoshuka usiku kwa malori hadi soko la Kongowea, Mombasa. Taita Taveta imebaki kwenye orodha ya kaunti zinazolima kahawa, lakini ni nani aliyewahi kukuambia, "karibu kahawa ya Taita"? Mimi hakuna aliyeniambia, na nakaa Voi!

Kilichonipandisha mlimani ni paketi iliyonipa kikombe kile cha kwanza, isiyo na jina, ya karatasi ya kaki, aliyoniletea rafiki kutoka harusini Wundanyi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa kwenye matatu. Unatoka Voi kwenye joto, unapita mkonge wa Mwatate uliopangwa mistari kama shanga, halafu barabara inaanza kujikunja. Kila kona hewa inabadilika. Kufika Wundanyi nilikuwa nimeshafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

Mwenyeji wangu, mwenye kahawa ile ya paketi, ni mama wa makamo, ambaye aliniomba nisimtaje. Shamba lake ni ngazi ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa mawe na majani ya tembo, migomba huku, mparachichi kule, mgrevilia kwenye mpaka. Chini ya vivuli hivyo imesimama mibuni yake, na nusu yake ni Batian.

Batian! Nimesoma habari zake kwa miaka, sasa nimeishika kwa mkono. Ni mbegu iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa Ruiru mwaka 2010, ikapewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Inavumilia maradhi mawili yanayomfilisi mkulima. Moja ni kutu ya majani. Jingine ni chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha tunda likiwa bado bichi, ulioonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Kabla ya Batian kulikuwa na Ruiru 11, ya 1985, inayovumilia maradhi hayo hayo, lakini mbegu ya Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha ua kwa ua kwa mkono, ndiyo maana miche imekuwa adimu miaka yote. Batian huzaa mbegu inayofanana na mama yake. Unaelewa maana yake kwa mkulima wa mlimani? Kitalu kinaweza kuwa nyuma ya jiko! Tena huanza kuzaa mwaka wa pili, na punje zake ni kubwa. Ndani yake imo damu ya SL28 na SL34, ndiyo maana kikombe hakijapoteza ule uchachu tunaoupenda.

"Ile ya baba mkwe ilitaka dawa mpaka tukachoka," mama aliniambia. "Hii nimeipulizia nini? Samadi tu."

Nikanyoosha mkono kuchuma tunda jekundu. Akanizuia.

"Usivute hivyo, mwanangu, utang'oa na jicho la mwakani. Zungusha kidogo, litakuja lenyewe."

Nikazungusha. Likaja. Nikalitafuna, na hapo ndipo nilipokutana na ile zambarau ya kikombeni, ikiwa bado na ganda lake! Wengi hatujui kwamba tunda la kahawa lina utamu. Tumezoea kuikuta nyeusi, kavu, kwenye kopo.

Lakini kilichonishika zaidi ni kinachotendeka baada ya kuchuma. Kahawa ya kawaida ya Kenya humenywa kwa mashine, huchachushwa, huoshwa, hulowekwa, huoshwa tena. Inatoka safi ajabu, lakini inakunywa maji kabla mtu hajainywa yenyewe, na yale maji machafu, yenye sukari na asidi za maganda, lazima yaende mahali. Kwenye milima ya Taita, mahali hapo ni chini, na chini ni kwetu. Mto Voi unaanzia huku juu. Unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki, unafika bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952, ambako ndovu hushuka kunywa. Kinachomwagwa na mwosha kahawa wa mlimani kina safari ndefu mbele yake.

Mama huyu anatumia ndoo mbili. Mbili! Ndoo ya kwanza ni ya kutosa matunda ili yanayoelea, yale mapooza, yaondolewe. Ya pili ni ya kusuuza mashine yake ya kumenyea, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, iliyofungwa kwenye gogo. Kokwa zikitoka zina ute wake, zinateleza kama mbegu za papai. Haziloweki. Anazimwaga moja kwa moja juu ya meza ya wavu chini ya nailoni nyeupe iliyotandazwa kwenye fito za mianzi, na anazigeuza kwa kiganja, kila saa, siku za mwanzo. Ute unakauka juu ya kokwa na kugeuka rangi ya kaharabu. Mtindo huu umepata umaarufu kupitia wakulima wa Costa Rica, na wanunuzi wa nje huuita kahawa ya asali kwa sababu ya ule unato, ingawa hakuna asali hata tone. Ule utamu wa sukari guru niliousifia hapo juu unatoka hapa. Unatoka kwenye kuacha kuosha! Yaani jambo lile lile linalookoa maji ya Voi ndilo linaloitamanisha kahawa.

Maganda yake? Mengine yanarudi kwenye mashina ya migomba kuwa mbolea. Mengine ameyaanika, na alinichemshia kwenye sufuria ndogo pamoja na tangawizi. Nilikaribia kuruka. Hiyo ni kishiri, kinywaji cha Wayemeni, waliokunywa maganda kwa karne nyingi huku wakiuza buni! Umoja wa Ulaya uliruhusu maganda makavu ya kahawa kuuzwa kama kinywaji mwaka 2022, na sasa mikahawa ya huko inayauza kama kitu kipya kabisa. Na huku Wundanyi yamo kwenye kikombe cha bati.

Jambo jingine, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kwenye misitu ya milima hii kuna kahawa ya mwitu. Inaitwa Coffea fadenii, jina linalomkumbuka mtaalamu wa mimea Robert Faden, na humea kivulini kwenye misitu ya ukungu. Si arabika. Si ya kukaangwa. Ni jamaa wa msituni, na sikuwahi kujua kwamba yupo. Mwaka 2019 watafiti wa bustani ya Kew ya Uingereza walitangaza kwamba kati ya aina 124 za kahawa ya mwitu duniani, 75 ziko hatarini kutoweka. Kwa nini mnywaji ajali? Kwa sababu arabika inapenda ubaridi, na ubaridi unapungua. Kule Sierra Leone waliitafuta aina iliyosahaulika, Coffea stenophylla, wakaipata tena mwituni mwaka 2018, na majaribio yaliyochapishwa 2021 yakaonyesha kwamba ladha yake inakaribia ya arabika ingawa inavumilia joto zaidi kwa nyuzi sita hivi. Ni nani anayejua jamaa zake wa Taita wamebeba nini kwenye mbegu zao? Msitu wa Ngangao, mmojawapo wa misitu hii, una hekta 120 hivi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao hapo Wundanyi, wamepima picha za angani na kuona kwamba msitu wa asili wa milima hii ulipungua nusu kati ya 1955 na 2004. Kila ngazi ya shamba inayotunzwa vizuri, yenye kivuli na udongo usioporomoka, ni sababu moja ndogo ya kutoupandishia jembe msitu uliobaki. Nilisimama ukingoni mwa Ngangao nikanusa. Ukungu, majani mabivu, na mahali fulani ndege akilia. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Sheria mpya ya Ulaya nayo inaelekea huko huko. Imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini shabaha yake haijabadilika: kahawa itakayoingia kule isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lioneshwe mahali lilipo. Wengi wameiogopa. Kwa shamba chini ya hekta nne inatosha alama moja ya ramani, kitu ambacho simu ya kijana wa mama huyu ilikipata tukiwa tumesimama kwenye mparachichi, kabla chai haijapoa. Mashamba ya Taita karibu yote ni madogo kuliko hapo.

Na bei! Desemba 2024 arabika ilivunja rekodi ya 1977 kwenye soko la New York, na Februari 2025 ikapita dola nne kwa ratili. Kenya ilivuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88. Mapatano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika 1989, bei ikaanguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda mahindi. Leo tunavuna chini ya nusu ya hapo. Anayepanda mche mzuri sasa, mahali penye baridi na maji, anapanda wakati dunia inatafuta kahawa kwa tochi.

Niseme na kasoro, maana naipenda kahawa hii kiasi cha kutaka iwe bora.

Ukungu wa Taita ni mzuri kwa mti na mbaya kwa meza ya kuanikia. Paketi ya kwanza ilikuwa safi. Ile niliyopewa mlimani, iliyoanikwa kwenye wiki ya mawingu, ilikuwa na harufu ya gunia kwa mbali, si ya kumfukuza mtu, lakini ipo. Kahawa yenye ute ikikosa jua siku mbili huota kuvu, na ute ndio utamu, kwa hiyo huwezi kuukwepa. Nailoni peke yake haitoshi. Inatakiwa nyumba ndefu ya kuanikia yenye kupitisha upepo pande zote mbili, ya kutumiwa na majirani kumi, au kwa nini tusifikirie jua la Voi? Tuna jua hapa la kugawa! Mlima uchume, bonde lianike. Namwachia anayejua zaidi vibali vya kusafirishia kahawa, lakini nimelala nikiliwaza.

Pili, ukoboaji. Mama hutwanga kwa kinu na mchi, anapepeta kwa ungo. Inafanyika kwa kikombe cha nyumbani na cha mgeni. Punje nyingine zinavunjika, na zilizovunjika huungua kikaangoni kabla nzima hazijaiva, ndipo unapopata uchungu wa majivu usio wake. Nilichambua kwa mkono punje moja moja kabla ya kukaanga, saa nzima, na tofauti ilikuwa kubwa mno. Ukipata kahawa hii, chambua. Usione uvivu!

Tatu, Batian inakula. Mti unaozaa mapema na kwa wingi usipolishwa hukauka matawi, na samadi ya ng'ombe mmoja ina mwisho wake. Na nne, haipatikani. Hii ndiyo inayoniuma. Mama hakuniuzia, alinipa. Kuuza iliyokaangwa kunataka leseni na karatasi, naye ana mibuni mia na kidogo. Nakuhadithia kitu ambacho huwezi kwenda kukinunua kesho. Lakini ningenyamazaje?

Kwa wanaokaanga: moto wa wastani, koroga bila kuacha, sikiliza mlio wa kwanza kama bisi, hesabu dakika moja na nusu, epua. Usiifikishe kwenye weusi wa kahawa ya dele, utaua ukwaju wote. Ipumzishe siku tatu ndani ya kopo. Siku ya kwanza inapiga kelele, siku ya tatu inaimba.

Jumamosi jioni nikaipeleka kwenye jaribio gumu. Karibu na stendi yetu hapa Voi kuna mzee anayeuza kahawa tungu, mkaa chini ya dele, finjani zimepangwa kwenye sinia, wateja wake kwenye benchi wakibishana mpira. Nilifika na chupa ya chai imejaa kahawa ya Taita. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa kuleta kahawa kwa muuza kahawa, nikammiminia.

Alinusa kwanza. Akaonja. Benchi likanyamaza.

"Umetia ukwaju," akasema.

"Sijatia kitu, mzee wangu."

"Usinidanganye, mwanangu. Umetia ukwaju."

"Wallahi sijatia. Ni hiyo hiyo ilivyo. Imetoka huku kwetu, Wundanyi."

Akageuka akaitazama milima, iliyokuwa inaanza kuingia giza. Akaimalizia finjani, akaisuuza kwenye bakuli la maji, akanyoosha mkono ili nimmiminie tena.